Nyumba ya Rika: Maana Yake na Matumizi Yake Katika Kufundisha

Mwalimu mwanafunzi aendaye mazoezi ya kufundisha katika shule za Kyela, akiwauliza watoto wa Darasa la Nne maana ya neno kilabu, na ajiandae kupokea jibu moja: kilabu ni mahali pa pombe. Watoto hawakukosea. Katika vijiji vyetu neno hilo limekaa hivyo kwa miaka mingi, na mama auzaye kimpumu chini ya mwembe hahitaji kibao cha kutangaza biashara yake. Mtoto mwingine, ambaye baba yake husikiliza redio siku za mpira, atasema kuwa klabu ni Simba au Yanga. Huyu naye amesema kweli. Mwalimu mvivu ataandika majibu yote mawili ubaoni, atayafuta, kisha ataandika maana aliyoitoa kitabuni. Sisi twashauri asiyafute. Katika majibu hayo mawili mna mwanzo wa somo zuri, maana yote mawili yataja watu wanaokutana kwa hiari na mahali wanapopaita pao.

Makala haya yahusu mahali hapo. Twataka kueleza nyumba ya chama ni kitu gani, ilikuwa na kazi gani kwa vijana wa uwanda wa Kyela na vilima vya Rungwe hapo zamani, na mwalimu wa shule ya msingi aweza kuitumia vipi bila kuwadanganya wanafunzi wake. Neno la mwisho tumelitia kwa makusudi, kwani sisi wenyewe tuliwahi kuwadanganya, kama tutakavyoeleza.

Maana ya nyumba ya chama

Nyumba yoyote yaweza kuwa na paa, kuta na mlango. Nyumba ya chama hutambulikana kwa mlango wake: ni nani aingiaye bila kubisha, na ni nani aachwaye nje. Jengo la kukodi la chumba kimoja laweza kuwa nyumba ya chama, na jumba kubwa la saruji laweza lisiwe. Wakati wa utawala wa Waingereza, pale Dar es Salaam, klabu ya Gymkhana ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa watumishi, akibeba sinia. Wakati huohuo, katika Mtaa wa New Street, African Association ilikuwa na nyumba yake. Mwafrika mwenye kazi ya ukarani, ualimu au biashara ndogo aliingia humo na kukaa kitini kama mwenye nyumba. Chama hicho baadaye kilijulikana kama TAA, na katika nyumba hiyo ndimo TANU ilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mtaa wenyewe leo waitwa Lumumba.

Mfano huu wafaa kutolewa darasani kwa kuwa waonyesha upesi jambo ambalo maelezo marefu hayaonyeshi. Watu wasio na mahali pao hukutana barabarani, na wakutanao barabarani hutawanywa. Hata hivyo mtoto wa Kyela hana haja ya kupelekwa Dar es Salaam ili alielewe jambo hili, maana babu wa babu yake alilijua kwa mikono yake mwenyewe.

Nyumba za wavulana wa Kinyakyusa

Mwaka 1879 msafiri Mskoti Joseph Thomson alipita kaskazini ya Ziwa Nyasa, akasifu sana usafi wa vijiji alivyoviona katikati ya migomba na ustadi wa kujenga nyumba. Jambo ambalo mpita njia hakuweza kulijua ni kwamba vijiji hivyo havikukaliwa na ukoo mmoja mmoja. Baba na mwanawe mtu mzima hawakuishi katika kijiji kimoja. Kijiji kilikuwa cha rika: wanaume wa umri uliokaribiana, pamoja na wake zao na watoto wao wadogo. Watu wengi wa Afrika Mashariki wana marika, lakini kwa wengi wao rika ni daraja la heshima au jeshi la vijana kwa muda fulani. Kwa Wanyakyusa rika lilikuwa kijiji chenyewe, na mtu aliishi humo hadi kufa.

Habari hizi tunazipata kwa sehemu kubwa kutoka kwa Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa na kufanya utafiti katika nchi hii kati ya mwaka 1934 na 1938. Bwana Wilson alifariki mwaka 1944. Mkewe aliandika kitabu juu ya vijiji vya marika, Good Company, kilichotolewa mwaka 1951. Mwalimu akikipata kitabu hicho maktabani akisome, lakini akisome kama asomavyo ushahidi wa mgeni mwenye akili: kwa shukrani, na huku akiuliza maswali.

Kijiji kilianzaje? Mvulana wa miaka kama sita alianza kuchunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wavulana wa jirani. Alipofika miaka kumi au kumi na mmoja, aliwaachia wadogo zake ng'ombe, akaanza kulima shamba la baba yake. Wakati huohuo aliacha kulala nyumbani kwa wazazi. Alikwenda kulala na wenzake katika nyumba walizojijengea wenyewe kando ya kijiji cha baba zao. Nyumba za kwanza hazikuwa imara, maana zilijengwa na mikono ya watoto. Lakini mikono hiyo ilikua, na nyumba zikakua nayo, mpaka mahali pa michezo pakawa kijiji cha vijana, na kijiji cha vijana, walipooa, kikawa kijiji cha watu wazima. Wadogo waliofuata walipokelewa kwa miaka kadhaa. Kisha wakubwa waliwakataa, nao wakaenda kuanza kijiji chao.

Twaomba msomaji atue hapa kidogo. Watoto hawa hawakupewa nyumba. Hakuna mzee aliyewajengea, akawakabidhi ufunguo na kuhutubia. Wala hawakutengwa kabisa na wazazi: walilima mashamba ya baba zao na walikula chakula cha mama zao. Tena jinsi walivyokula ilikuwa elimu kubwa. Mvulana hakwenda kula kwa mama yake peke yake. Alikwenda na kundi la rafiki zake, na kesho yake kundi lilikwenda kwa mama wa mwingine. Kwa hiyo kila mama alijua kuwa akimpikia mwanawe anawapikia watano au sita, na kila mvulana alijua kuwa heshima ya nyumba yao ilikuwa katika chungu cha mama yake.

Kwa nini wavulana walihamishwa? Sababu iliyotajwa ilikuwa heshima. Wanyakyusa waliona si vema kijana anayepevuka alale karibu na wazazi wake na kuyajua mambo ya usiku. Pia mke wa kijana hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe, naye alimkwepa njiani na kujificha. Baba na mwana wangeishi kijiji kimoja, mke huyo angepita wapi kwenda kisimani? Mwalimu aeleze sababu ya pili kwa ukamilifu, kwa sababu watoto huipenda na bado huona mabaki ya adabu hiyo majumbani mwao. Ile ya kwanza na aitaje kwa neno moja la heshima, kisha aendelee.

Kazi ya nyumba hizo

Wanyakyusa wanalo neno ukwangala. Tafsiri yake ya haraka ni kuzungumza na kufurahi pamoja na wenzi, ila ndani yake mna zaidi ya mazungumzo: kula pamoja, kunywa pamoja, kusaidiana, kuvumiliana, kuwa mtu wa watu. Waliamini kuwa mtu hujifunza busara akiwa na watu walio sawa naye. Mbele ya baba, kijana alinyamaza, na alistahili kunyamaza. Mbele ya wenzake alitoa neno, akabishwa, akalirudia kwa namna iliyo bora. Kwa maneno ya chuoni twaweza kusema kuwa nyumba ya rika ilikuwa darasa la majadiliano lisilo na mwalimu.

Humo wavulana walikuwa na kiongozi wao, na ugomvi wao waliusuluhisha kwanza wao wenyewe. Humo walijifunza kujenga. Humo mchoyo alitambuliwa mapema, kwa maana katika nyumba ya watu wengi chakula hakifichiki. Na mambo hayo yaliwaandaa kwa siku kubwa iliyokuja mara moja katika kizazi, yaani ubusoka, siku ya kutoka. Siku hiyo wazee waliwakabidhi vijana utawala wa nchi. Wana wawili wakubwa wa chifu walitangazwa kuwa machifu, nchi ikagawanywa, wakuu wa vijiji wakateuliwa, moto mpya ukawashwa, na wazee wakasogea kando ili kuwapisha vijana ardhi. Waliokabidhiwa walikuwa wamekwisha kuishi pamoja miaka mingi, wakijuana tabia zao nzuri na mbaya.

Kosa letu

Tulipofundisha somo hili kwa mara ya kwanza, katika shule moja ya uwandani, tulifika hapo tukasimama. Tuliwaeleza watoto habari njema tu. Zana zilikuwa nzuri: mchoro wa kijiji, mianzi halisi mezani, hata majani ya migomba. Darasa lilikuwa limetulia nasi tukajiona walimu hodari. Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, na bibi zetu walikuwa wanalala wapi?"

Tulijibu, "Kwa mama zao," tukageukia ubao. Jibu lilikuwa la kweli, na lilikuwa la uongo. Yule mtoto alikaa chini, na hakunyosha mkono tena juma lile.

Ukweli ni kwamba wasichana hawakuwa na kijiji cha rika. Msichana aliposwa akiwa mdogo, akaolewa mara alipopevuka. Mwanamume alikawia, mara nyingi hadi kufika miaka ishirini na mitano hivi, kwa kuwa ndoa ilihitaji ng'ombe na ng'ombe walikuwa mikononi mwa baba. Wazee wenyewe walioa wake wengi. Tukiliangalia jambo hili kwa makini twaona kuwa nyumba ile nzuri ya vijana, pamoja na sifa zote tulizozitaja, ilikuwa pia mahali pa kungojea. Iliwaweka vijana mbali na nyumba za wazee, ambamo mlikuwa na wake vijana, mpaka wazee waliporidhika kutoa mali. Na msichana, ambaye kazi yake ililisha nyumba zote, hakupata nafasi ya kubishana na wenzi wake katika nyumba waliyoijenga wao.

Kuna na jambo la pili. Pale ambapo kula pamoja ni wema mkuu, alaye peke yake hutiliwa shaka. Shaka hiyo iliweza kufikia tuhuma ya uchawi, na mtuhumiwa aliweza kufukuzwa kijijini akatafute kwingine. Mtoto mkimya, au mwenye huzuni, au apendaye kukaa peke yake, hayuko salama sana katika nyumba ya rika. Kila mwalimu aliyepata kulala bwenini alijua hilo kabla ya kulisoma.

Kipindi kilichofuata tulirudi kwa swali la yule msichana. Tuliliandika ubaoni, tukawaambia wanafunzi kuwa ndilo swali bora lililoulizwa, na kwamba sisi hatukulijibu vema. Somo lilikwenda polepole zaidi na halikuwa la kupendeza kama lile la kwanza. Wavulana wawili walinuna. Lakini safari hii darasa zima lilisema.

Jinsi zilivyokwisha

Mwalimu asiseme kuwa mila hii ilikufa kwa sababu vijana waliharibika. Sababu zaonekana. Kijiji cha rika kilihitaji ardhi ya kuhamia na wazee walio tayari kusogea. Zao la kudumu au la kuuza, kama kahawa huko vilimani na mpunga huku uwandani, lilimfunga mtu kwenye shamba lake. Aliyepanda mibuni hakukubali kuiacha kwa sababu rika jipya limetoka. Mtafiti P. H. Gulliver aliandika juu ya mambo haya ya ardhi ya Wanyakyusa mwaka 1958. Vijana nao walikwenda kutafuta mshahara kwenye dhahabu ya Lupa na katika migodi ya mbali kusini, wakarudi na fedha zao, wasimngoje baba kwa ng'ombe. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin, waliofika mwaka 1891, walianzisha makao ambamo watu wa umri wote walichanganyika, na shule zikawakusanya watoto kwa darasa. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa katika Tanganyika, na pamoja nao ukaondoka msingi wa ubusoka. Wazee waliolala katika nyumba hizo wakiwa watoto sasa ni wachache mno, na hilo ni sababu ya kutosha ya kulifundisha somo hili mapema.

Matumizi darasani

Kabla ya kutoa maoni yetu twataja tahadhari moja. Mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Malangali katika nchi ya Iringa, mkuu wa shule aitwaye Mumford alijaribu kuijenga shule ya serikali juu ya desturi za kikabila. Wazee waliitwa kufundisha mila, na ngoma na kurusha mikuki vikaingia katika mafunzo. Nia yake ilikuwa nzuri kuliko ya wengi wa wakati ule. Lakini mpango ulikuwa wa mkuu wa shule na wakubwa waliomshauri, na wavulana waliukuta umekwisha kupangwa. Desturi iliyopangwa na ofisi si desturi tena, ni ratiba. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikumbusha kuwa watoto wa zamani walijifunza kwa kuishi na kutenda. Walimu wengi tulikumbuka kutenda, kwa maana ya jembe, tukasahau kuishi.

Kwa vipindi vitatu vya masomo ya jamii, Darasa la Tano, twapendekeza hivi. Kipindi cha kwanza kianze na neno kilabu kama tulivyosema, kisha wanafunzi wapewe kazi ya nyumbani: kila mmoja amwendee babu au bibi, amwamkie kwa adabu, na amwulize alilala wapi alipokuwa na miaka kumi, pamoja na nani, na walikula nini. Wasiulizwe habari za kijiji cha rika kwa jina hilo, kwani mzee mwenye huruma humpa mtoto jibu analolitafuta. Watoto wasio na babu wala bibi wapelekwe kwa jirani, na mwalimu apange jambo hilo mapema ili mtoto asiaibike mbele ya wenzake. Katika Kyela ya leo baadhi yao watakuja na habari za Matema au za Itungi bandarini, wengine na habari za makabila mengine kabisa. Zote zipokelewe.

Kipindi cha pili ni cha majibu hayo, na mwalimu aongeze maelezo ya nyumba za wavulana na swali la wasichana kwa pamoja, yasitenganishwe kama tulivyoyatenganisha sisi. Mchoro wa kijiji uchorwe chini, uwanjani, kwa kijiti. Wasichana waonyeshe njia ya kwenda kisimani isiyopita kwa baba mkwe. Hapo watoto hucheka, na wakicheka wameelewa.

Kipindi cha tatu ndicho kigumu kwa mwalimu mgeni, kwa maana humtaka anyamaze. Darasa lipewe nafasi ya kujadili kama litajenga nyumba yake: kibanda cha mianzi na nyasi pembeni mwa uwanja, cha kusomea vitabu, kutunzia miche au kufanyia mikutano ya chama chao. Waamue wao ni cha kazi gani. Waamue nani ataingia, nani atafagia, mwenye kukosa afanyweje. Kazi ya mwalimu ni kuuliza maswali mawili tu, na kuyarudia kila mara yanaposahauliwa: je, kuna mtu darasani ambaye mlango huu haumfungukii? Na je, mtu akitaka kukaa peke yake humu, ataruhusiwa? Kama darasa litaamua kutojenga, na lisijenge. Tuliwahi kuona darasa lililokataa kibanda likachagua chini ya mwembe, likaweka mawe ishirini na tisa ya kukalia, na mtoto asiyekuwapo siku hiyo akawekewa jiwe lake.

Wakiamua kujenga, mwalimu akumbuke mvua za Kyela. Hapa mvua ni nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi yetu, na mwezi wa Aprili maji ya Mbaka na Kiwira hupanda. Sakafu iinuliwe kwa udongo ulioshindiliwa, mfereji uchimbwe pande zote, na mianzi ikatwe wakati wa kiangazi, kwa sababu mianzi iliyokatwa wakati wa mvua huliwa na wadudu upesi. Mambo haya mwalimu asiyatoe kichwani. Amwombe mjenzi wa kijiji aje, na watoto wamwulize wenyewe. Ikiwa paa la kwanza litavuja, fundi asiitwe siku hiyohiyo. Darasa lipewe juma moja kwanza lipande lenyewe likaangalie.